Nani Aichezee Bandari?

Msomaji mpenzi, alasiri ya siku ya mchezo simama kwenye kivuko cha Likoni uwatazame watu wanaoshuka feri na kuingia kisiwani. Utamwona mchuuzi na kapu lake, mwashi na mwiko wake, mwanafunzi na vitabu vyake. Na kati yao utawaona vijana waliovaa fulana za timu ya Bandari, wamo mbioni kuelekea Mbaraki kabla kipenga hakijalia. Wenzao wa Kisauni wavuka daraja la Nyali, na wa Changamwe wapita Makupa. Wote hao waja kutazama. Swali langu leo ni moja tu, nami nakuomba ulipokee bila ya hasira: katika umati huo mkubwa unaovuka maji kwenda kutazama, ni nani avukaye kwenda kucheza?

Mimi ni shabiki wa Bandari. Silisemi jambo hili kwa majivuno, maana ushabiki si elimu wala si cheo. Nalisema ili ujue kuwa maneno makali yatakayofuata ni maneno ya mtu wa nyumbani. Ampendaye mwanawe humrudi. Tena wa kurudiwa hapa kwanza si viongozi wa timu, wala kocha, wala wachezaji. Wa kurudiwa kwanza ni sisi mashabiki, tunaokaa barazani baada ya kila mchezo tulioshindwa, tukapiga meza na kulia neno moja: "Nunueni! Nunueni fowadi! Nunueni golikipa! Nunueni kiungo!" Kilio hicho nimekilia mimi pia kwa miaka mingi. Leo nakitubia, na sababu za toba yangu nitakueleza.

Tuanze na historia, kwa kuwa asiyejua alikotoka hawezi kupima mwendo wake. Ligi kuu ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka 1965, katika msimu wa tatu tu, ubingwa ulitwaliwa na Feisal, timu ya Mombasa. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/2025, ambao ubingwa wake ulikwenda kwa Kenya Police, hakuna timu ya pwani iliyoupata tena. Hesabu mwenyewe: ni miaka 60. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule Feisal iliposhangilia, leo yamkini ni babu wa wajukuu, na wajukuu hao hawajaliona kombe la ligi likivuka Makupa kuja pwani.

Si kwamba Bandari haikujaribu. Ilichukua kombe la Ngao mwaka 2015, ikalichukua tena mwaka 2019. Katika ligi ilimaliza ya pili mwaka 2018, na ya pili tena katika msimu wa 2018/2019, mara zote mbili ikiwa nyuma ya Gor Mahia. Januari 2019, chini ya kocha Bernard Mwalala, iliwafunga Simba mabao mawili kwa moja mjini Dar es Salaam, mbele ya watu wao wenyewe. Mwaka huo huo iliingia katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia, kisha ikaangukia mikononi mwa Horoya ya Guinea katika mlango wa mwisho kabla ya hatua ya makundi. Hiyo ilikuwa miaka ya neema. Lakini neema haikukaa. Tangu msimu ule hadi ule wa 2024/2025, Bandari haikushika tena hata nafasi ya pili ya ligi.

Waulize mashabiki wenzangu sababu, nao watakujibu kwa kinywa kimoja: tulikosa kununua. Mimi nasema kinyume chake. Kununua si dawa. Kununua ni kuazima jina zuri kwa bei kubwa. Hebu tuufuate mwendo wa mchezaji wa kununuliwa, hatua kwa hatua. Kwanza twamsikia akivuma katika timu nyingine. Anapovuma, bei yake imekwisha kupanda, nasi twalipa bei ya sifa zake za jana. Akija, yahitaji miezi kadhaa azoeane na wenzake, na joto letu, na unyevu wetu wa pwani. Akishindwa, fedha zimepotea. Akifaulu, timu tajiri zaidi, ya hapa au ya ng'ambo, itamwona kama tulivyomwona sisi, naye ataondoka. Wala hana kosa, kwa maana alikuja kwa mkataba na anaondoka kwa mkataba. Pengo analoliacha ni lile lile alilokuja kuliziba, nasi twarudi barazani kupiga meza. Basi niambie, msomaji, mtu atekaye maji kwa pakacha ataijaza lini kasiki yake?

Nisije nikadhulumu. Katika kikosi kile cha 2018 na 2019 walikuwamo wachezaji wa kutoka Uganda na Kongo, nao walitufaa sana. Mabao yao tuliyashangilia kama ya watoto wetu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yana pande mbili, lakini aghalabu twausoma upande mmoja tu. Mgeni aje, naam. Lakini mwenyeji yuko wapi wa kupona? Mgeni afunge mabao, na kando yake asimame kijana wa hapa anayejifunza mbio zake, akili zake na subira yake, ili siku mgeni akifunga safari, elimu yake ibaki nyumbani. Mgeni wa namna hiyo ni mwalimu. Mgeni asiye na mwanafunzi kando yake ni mpangaji, na mpangaji akihama huondoka na vyombo vyake vyote.

Sasa tuvuke maji. Mji wa Mombasa si kisiwa peke yake. Kusini kuna Likoni, pamoja na Mtongwe na Timbwani; kaskazini kuna Kisauni, pamoja na Mtopanga na Bamburi; magharibi kuna Changamwe, pamoja na Chaani, Magongo na Port Reitz. Huko ng'ambo ndiko waliko watu wengi na watoto wengi. Pita huko jua likipunga, utaona mpira ukichezwa mchangani, uwanjani, njiani na nyuma ya maduka. Mwingine ni mpira wa dukani, mwingine ni wa matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Huko magoli ni mawe mawili, refa ni yule asiyekuwa na timu, na mchezo haumaliziki mpaka mama aite.

Pale Mtongwe nilimjua kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu. Sitamtaja jina. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona kwa wengi waliolipwa. Mpira ukimjia alikuwa hautazami. Alitazama mahali anapotaka kuupeleka, na mpira ukaenda. Wazee wa mtaa wakikatiza mazungumzo yao ili wamtazame. Akafika miaka kumi na sita, akafika kumi na minane, akafika ishirini. Kisha siku moja nikamwona kivukoni ameketi juu ya pikipiki anangoja abiria. Nikamwuliza habari za mpira, akacheka, akasema, "Mpira wa nani, mzee wangu? Mimi nina mtoto sasa." Kazi yake ni ya halali, nami naiheshimu. Lakini nilirejea nyumbani nikiwa na huzuni, kwa sababu nilitambua kuwa hapana mtu aliyemkataa kijana yule. Kukataliwa kuna nafuu, maana aliyekataliwa alitazamwa kwanza. Yeye hakutazamwa. Mbaraki haiko mbali na kivuko. Mtu huenda kwa miguu. Na mwenda kwa miguu halipi nauli ya feri. Njia ile ambayo haina nauli, hakuna aliyeipita kwenda kumtazama.

Ndiyo sababu nasema kuwa orodha ya wachezaji wa Bandari haina budi kuanza kuandikwa ng'ambo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi mashabiki hatutaki timu yetu iiname. Twataka ikaangalie rafuni, ambako kila kitu kimebandikwa bei.

Yamkini utaniuliza: "Je, yako mahali yalipofanyika mambo haya, au ni ndoto ya mtu aliyechoka kushindwa?" Yako. Huku kwetu Kenya, mwaka 1987, katika vibanda vya Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo ya vijana. Timu za watoto zilikuwa zikicheza ligi yao, na zikipewa pointi pia kwa kuzoa taka mitaani. Katika mti huo ikachipuka timu ya Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Mathare haina gati wala meli. Haikuwa na chochote isipokuwa watoto wake na uvumilivu.

Mfano wa pili unauma, kwa sababu tulikuwapo. Baada ya Bandari kuwafunga Simba Dar es Salaam mwaka 2019, ilikutana katika fainali na Kariobangi Sharks, timu iliyoanza kama timu ya vijana wa mtaa mmoja wa Nairobi. Sharks wakatufunga bao moja kwa bila. Zawadi yao ilikuwa kucheza na Everton ya Uingereza. Wakacheza nayo Kasarani mwezi wa Julai mwaka ule ule, wakatoka sare ya bao moja kwa moja, wakaishinda kwa mikwaju ya penalti. Mtaa mmoja, msomaji! Nasi tuna mitaa mingapi ng'ambo ya maji?

Ukitaka mfano wa mbali, uko. Mwaka 1967 timu ya Celtic ya Scotland ilichukua Kombe la Ulaya kule Lisbon kwa kuifunga Inter Milan mabao mawili kwa moja. Wachezaji wote wa Celtic siku ile walikuwa wamezaliwa katika eneo la maili zipatazo 30 kutoka Glasgow. Na kule Hispania iko timu ya Athletic Bilbao, ambayo tangu zamani imeshika desturi ya kuchezesha watu wa nchi ya Wabaski na waliolelewa kimpira huko. Timu hiyo haijapata kushuka daraja la kwanza, na mwaka 2024 ililichukua tena Kombe la Mfalme. Sisemi Bandari ishike kanuni kali kama hiyo. Nasema tu kwamba mtu asituambie haiwezekani, hali wengine wamekwisha kulitenda.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, nami sitazikimbia.

Hoja ya kwanza yasema: "Mpira hauna kabila, mchezaji bora na achaguliwe, atoke atokako." Maneno haya ni ya haki, nami nayakubali yote. Lakini nani aliyesema kabila? Changamwe ni mji wa watu wa Kenya nzima. Reli, viwanda na bandari viliwaita watu, wakaja, wakazaa. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa Chaani, na wa Kikamba aliyelelewa Magongo, na wa Kidigo wa Likoni, na wa Kigiriama wa Kisauni, wote ni watoto wa ng'ambo. Sitafuti damu ya mtu. Natafuta mahali alipojifunza kupiga mpira. Na ikiwa ni kweli kwamba mchezaji bora achaguliwe, basi haki hiyo yadai kwanza atazamwe kila mmoja. Haiwezekani kumchagua aliye bora miongoni mwa watu uliowaona nusu.

Hoja ya pili yasema: "Bandari ni mali ya taifa, kwa hiyo timu yake si ya wenyeji." Kweli, bandari ni ya taifa. Lakini vumbi la malori yake huanguka Changamwe, makontena yake hupita Port Reitz, na honi za meli zake huwaamsha watu wa Mtongwe. Anayekaa jirani na jiko hula moshi. Si dhambi akiuliza habari ya chakula. Tena hakuna taifa lililoumia kwa sababu ya kijana wa Likoni kupewa nafasi ya kujaribiwa.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo husemwa kwa sauti ya chini: "Vijana wa huko hawana adabu. Wanatafuna muguka, hawapendi mazoezi, na wengine wamo katika magenge ya mapanga." Sitaficha ukweli. Muguka umetuharibia vijana, hata serikali ya kaunti ya Mombasa ikaupiga marufuku mwezi wa Mei 2024, na jambo likaishia kwa mivutano mahakamani. Magenge nayo yamewatia watu hofu katika mitaa ya Kisauni, na wako wazazi waliozika watoto kwa sababu yake. Lakini tazama, msomaji, jinsi hoja hii inavyojigeuka na kumwuma aliyeileta. Ikiwa vijana wanapotea kwa kukosa kazi, mwongozo na tamaa ya kesho, je, dawa ni kuwafungia mlango mmoja zaidi? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka kumi na minne anayejua kuwa Jumamosi atatazamwa na mtu wa Bandari, Ijumaa usiku atalala mapema. Sidai kuwa mpira utaponya kila kidonda cha mji. Nadai kwamba genge haliendi Nairobi kununua vijana. Huwatafuta hapa hapa, huwajua kwa majina, huwapa cheo na wenzi. Ni aibu kubwa ikiwa genge lina macho ya kuona vipaji vya watoto wetu kuliko sisi tunaojiita wapenzi wa michezo.

Basi, lawama bila shauri ni kelele. Nitatoa shauri langu, nalo lahesabika kwa vidole.

Kwanza, kikosi cha watu thelathini kigawanywe mafungu matatu yaliyo sawa. Kumi wawe wachezaji wakomavu, watokao popote duniani, wanunuliwe kwa fedha nzuri, na wawekwe mahali pasipotaka majaribio: golikipa, beki wa kati, kiungo wa kuutuliza mchezo na fowadi mwenye kujua goli. Kumi wawe wachezaji wa makamo waliokwisha kuthibitika katika timu za pwani. Na kumi wa mwisho wawe vijana waliotimiza miaka kumi na minane na hawajafika ishirini na miwili, wote kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Na wasiwe wa kupamba benchi tu. Katika kila mchezo wawili wao wacheze, mvua inyeshe au jua liwake.

Pili, waajiriwe wazee watatu waliopata kuucheza mpira, mmoja kwa Likoni, mmoja kwa Kisauni na mmoja kwa Changamwe, kazi yao iwe moja tu: kutazama. Waende mchangani, waende mashuleni, waende uwanja wa Bomu na viwanja visivyo na jina, na kila mwezi walete majina. Mshahara wa wazee watatu ni mdogo kuliko gharama ya fowadi mmoja aliyechoka.

Tatu, kijana akichukuliwa asiachishwe shule, na mkataba wake uwe wa miaka mitatu, asifukuzwe kwa kosa moja. Mnazi hauzai siku ulipopandwa, wala hakuna mkulima aung'oaye kila msimu ili autazame mizizi.

Nne, na hili latuhusu sisi wa barazani: tuwe na subira. Yamkini mwaka wa kwanza tutafungwa. Mwaka wa pili tutafungwa kidogo. Ikiwa tutampigia kelele kocha kwa sababu amemchezesha kijana wa miaka kumi na tisa akakosa goli, basi kocha atamtoa kijana na kutuletea jina la kununua, na kosa litakuwa letu wala si lake. Kocha huogopa mashabiki kuliko anavyowaogopa wapinzani. Timu hupata kikosi ambacho mashabiki wake wana moyo wa kukingojea.

Nawe msomaji kijana, usidhani maneno haya ni ya wakubwa peke yao. Yamkini unayasoma darasani Likoni au Kisauni au Changamwe, na viatu vyako vya mpira vimo chini ya dawati. Kwako nina neno moja la ukali. Ikiwa wazee watatu ninaowaomba watakuja Jumamosi kukutazama, je, watakukuta? Watakukuta uwanjani, au watakukuta kichochoroni na shavu limejaa? Nimewadai wakubwa macho; wewe nakudai kitu cha kutazamwa. Haki ya kuonekana ina deni lake, nalo ni mazoezi ya kila siku wakati ambapo hapana anayeangalia.

Nikivuka jioni kurudi kwetu, feri hujaa mashabiki, na baada ya mchezo tulioshindwa kila mmoja huwa na jina mdomoni la mchezaji wa mbali wa kununuliwa. Mimi siku hizi husimama ubavuni nikaitazama Mtongwe. Yule mwenye mguu wa kushoto yuko pale kivukoni juu ya pikipiki yake, anangoja abiria, na miaka yake ya mpira imekwisha kupita. Yeye hatunaye tena. Lakini mtoto wake anakua, na jana nilimwona mchangani akipiga chungwa kwa mguu wa kushoto.